Marekani: anayeondoka ndiye anayebanwa

Watanzania na Wakenya ninaowashughulikia kesi zao za uhamiaji hapa Marekani huniuliza sana: "Muda wangu ulishapita. Nirudi nyumbani nikaombe viza upya?" Wanauliza kwa nia njema kabisa. Jibu langu huwaudhi: usikate tiketi kabla hatujahesabu siku zako.

Sheria inayowabana waliopitiliza muda wao ilisainiwa na Rais Bill Clinton Septemba 1996. Ukikaa bila kibali zaidi ya siku 180 lakini hujafikisha mwaka, kisha ukaondoka kwa hiari, hurudi kwa miaka 3. Ukifikisha mwaka, ni miaka 10. Kinachoiwasha adhabu hiyo ni kule kuondoka. Aliyetulia zake Dallas au Minneapolis anaweza kukamatwa na kurudishwa kwao, ndiyo, lakini akikaa asiondoke miaka hiyo 10 haimgusi. Wabunge walitaka watu waogope kupitiliza. Walichowapa ni sababu ya kutotoka.

Sasa tazama ulivyoingia. Chukua wanaume wawili, wote wameoa raia wa Marekani. Mmoja alitua na viza ya utalii, afisa akampokea, akapitiliza miaka 6. Mwingine alivuka kutoka Meksiko usiku bila kupiga hodi kwa yeyote. Yule wa kwanza kwa kawaida anaomba grin kadi humo humo nchini, na kupitiliza kwake kunafumbiwa macho kwa sababu mkewe ni raia. Wa pili kwa kawaida hana njia hiyo: sharti akahojiwe ubalozini, nje, na akishatoka tu, ile miaka 10 imeanza. Tangu 2013 anaweza kuomba msamaha kabla hajasafiri, ila athibitishe kwamba mkewe ataumia kupita kiasi. Upweke na gharama za kawaida za kutengana havitoshi. Zamani angeweza kulipa faini ya dola 1,000 akamaliza mambo bila kutoka, lakini njia hiyo haiwafai ambao ombi lao la kwanza liliwasilishwa baada ya Aprili 30, 2001.

Kwangu mimi, kule kufumbiwa macho kwa yule wa kwanza ndicho kivutio kikubwa kuliko vyote cha kupitia mlangoni, na sijawahi kuona serikali ikikitangaza. Inatangaza ukuta.

Unapohesabu, angalia tarehe iliyo kwenye I-94, yaani rekodi ya kuingia kwako inayoonyesha mwisho wa muda uliopewa kukaa. Tarehe ya viza pasipotini ni ya kuingilia tu, na inawachanganya wengi, wasomi wakiwemo. Mwanafunzi ambaye I-94 yake imeandikwa D/S, yaani akae maadamu anatimiza masharti ya viza yake, hesabu yake ni nyingine: siku hazianzi kuhesabiwa mpaka idara ya uhamiaji au hakimu atamke kwamba amevunja masharti.

Na kuna wanaoniambia, basi nitaondoka, halafu nitapenya mpakani. Aliyekusanya zaidi ya mwaka bila kibali, akatoka, kisha akaingia kwa kujipenyeza, anafungiwa moja kwa moja. Hata kuomba ruhusa ya kurudi haruhusiwi mpaka amalize miaka 10 akiwa nje, na kuoa raia hakupunguzi hata siku moja.