Je, wajua kwa nini pedali ya klachi inalala chini na haitaki kurudi?

Anko wangu hapa Nakuru ana Datsun 240Z, aina ile ile iliyoshinda Safari Rally 1971 na 1973, na juzi tukipita Section 58 alikanyaga klachi abadilishe gia, pedali ikalala chini kabisa, ikabidi aiinue na kidole cha mguu. Fundi wa kwanza kuiona akasema gia boksi ishushwe. Nikamwambia anko asikubali kwanza.

Unajua pedali hairudishwi na springi yake peke yake. Ukikanyaga, masta silinda, ile pampu ndogo inayosukumwa na pedali, inasukuma fluidi kwa paipu hadi slevu, silinda ya pili iliyo kando ya gia boksi, slevu inasukuma foku, yaani mkono wa chuma, na foku inafungua presha pleti, ile sahani yenye springi inayobana klachi. Ukiachilia, presha pleti ndio inasukuma kila kitu kirudi, foku, slevu, fluidi, mpaka mguu wako unainuliwa. Sasa fluidi ikivuja ama hewa ikiingia, hiyo nguvu haifiki juu.

Kwa hivyo anza na vitu rahisi. Angalia kama kapeti imekunjika chini ya pedali, halafu pampu haraka mara tatu nne, ikirudi na kuwa ngumu jua kuna hewa ama fluidi imepungua. Kama hakuna mahali panavuja lakini ukishikilia pedali chini gari inaanza kusonga pole pole, sili za ndani ya masta zimekwisha. Na kama slevu hairudi mpaka ufungue niplo, ile skrubu yake ya kutolea hewa, hozpaipu ya raba inayoingia slevu imefura ndani, inapitisha fluidi kwenda na kuizuia kurudi, hiyo watu wengi hawaiangaliagi.

Kwa ya anko nilivuta raba ya vumbi ya slevu na ukucha tu, yakadondoka matone meusi kama strungi iliyolala. Klachi hii hutumia fluidi ya breki, nayo hunyonya unyevu, silinda inashika kutu ndani, kutu inakwaruza sili. Na tafadhali usiongeze oili ya injini hapo hata ukikwama barabarani usiku, raba zote zitafura, na fluidi ikimwagika kwa rangi ya gari mwagia maji haraka kabla haijaibambua.

Tulibadilisha sili za slevu na za masta, anko akawa anakanyaga mimi nikifungua niplo, mpaka mapovu yakaisha kwa chupa. Gia boksi haikuguswa.