Homa ya mafua haingoji baridi

"Chanjo ya mafua? Hiyo ni ya watu wa Limuru kwenye baridi, sisi huku jua linatuchoma." Mama mmoja muuza omena pale Kibuye, Kisumu, aliniambia hivyo huku akijifuta kamasi kwa ncha ya leso. Dhana hii ni ya zamani, na imekosea mahali pamoja: mafua makali hayaletwi na baridi. Huletwa na virusi vya influenza, na katika nchi za ikweta kama yetu virusi hivyo huzunguka karibu mwaka mzima. Matatu iliyofungwa madirisha kwa sababu ya mvua inavitosha kabisa.

Wanaohitaji chanjo zaidi ni wajawazito, wazee, wahudumu wa afya, watoto kuanzia miezi 6 hadi miaka 5, na wenye kisukari, pumu, ugonjwa wa moyo au VVU. Mjamzito nisimpite haraka. Mtoto wa chini ya miezi 6 hachanjwi. Kinga yake huipata kwa mama, tangu tumboni.

Wengine husema sindano yenyewe ndiyo huwapa mafua. Haiwezi, kwani virusi vilivyomo vimeshauawa. Mkono utauma, pengine na joto kidogo mwilini, siku moja au mbili. Kinga huchukua kama wiki 2 kujengeka, kwa hiyo ukiambukizwa katikati utaugua tu, na sindano italaumiwa bure. Hurudiwa kila mwaka kwa kuwa virusi hubadilika.

Yule mama ana kisukari. Ndimu na tangawizi anywe, lakini sindano adungwe.