Je, wajua kwa nini sukari ya maziwa haiishi utamu ndani ya bia nyeusi?

Ukitia sukari ya kawaida kwenye bia inayochachuka ukidhani itakuwa tamu, utapata bia kavu zaidi na yenye kileo zaidi. Hamira huila yote. Laktosi, yaani sukari ya maziwa, husalimika: ni glukosi na galaktosi zilizoungana, na hamira ya bia haina kimeng'enya cha kuzitenganisha. Hivyo inabaki ilivyo mpaka siku chupa inafunguliwa.

Ila usitarajie utamu mkali. Ukilinganisha na sukari ya kawaida, laktosi ina takriban moja ya tano tu ya utamu. Inachotoa zaidi ni uzito na ulaini mdomoni, unaotuliza uchungu wa kimea kilichokaangwa hadi kikawa cheusi. Kwa lita 20, gramu 250 huonjeka kwa mbali. Gramu 500 ni bia tamu waziwazi. Ukizidisha sana inakinai, na hakuna namna ya kuitoa.

Wengi huitia dakika 10 hadi 15 za mwisho za kuchemsha. Koroga bila kuacha, maana ikituama chini ya sufuria inaungua. Njia ya pili, ambayo ni bora kwa asiyejua kipimo chake, ni kungoja uchachukaji uishe. Chota mililita 100 za bia, uongeze laktosi kidogo kidogo huku ukionja: kila gramu 1 hapo ni sawa na gramu 200 kwenye lita 20. Ukishapata kiasi, ichemshe kwa maji kidogo dakika 10, iache ipoe kiasi, kisha uimimine. Usitie unga mkavu moja kwa moja. Huyeyuka polepole kwenye bia baridi, na unaweza kuifanya ifure povu hadi imwagike.

Haidromita, chombo kinachopima uzito wa bia ili kujua sukari iliyobaki, nayo huwachanganya watu. Gramu 500 kwenye lita 20 hupandisha kipimo kwa karibu 0.008, kwa hiyo bia ambayo ingetulia kwenye 1.014 itakomea karibu 1.022. Hamira haijakwama, kuiongeza ni kuipoteza bure. Kama laktosi imeingia baada ya uchachukaji, hesabu ya kileo itumie kipimo cha kabla ya kuitia.

Wakati wa kujaza chupa bado unahitaji sukari ya kawaida, kama gramu 5 au 6 kwa lita, kwani laktosi haitaleta gesi. Isipokuwa vyombo vikiwa vichafu: wapo bakteria na hamira pori wanaoila, na chupa iliyoingiliwa nao hujaa gesi hadi kupasuka.

Kuchemsha hakuiondoi laktosi, wala kuchachusha. Mgeni ambaye tumbo lake halipatani na maziwa aambiwe kabla hujammiminia.