Kung'arisha alminiamu ya pikipiki nyumbani: tunayoambiana na ukweli wake

Wakuu, mtu akiona kava ya klachi inang'aa mpaka anajiona sura, swali lake huwa moja tu: umetumia polishi gani? Hapo ndo dhana potofu kubwa kuliko zote inapoanzia, kwamba kazi inafanywa na kopo. Polishi inakuja mwisho kabisa, inamalizia tu. Kazi yenyewe ni msasa na subira, na kabla hata hujashika msasa inabidi ujue hicho kifaa kimefunikwa na nini.

Nianze na hilo la kufunikwa maana linapotezea watu muda vibaya mno. Wengi wanaamini kila kitu cha rangi ya fedha kwenye pikipiki ni alminiamu tupu. Sio kweli. Kava nyingi za injini zinatoka kiwandani zimepigwa klia juu, yaani vanishi isiyo na rangi, rimu na wenzo za breki unaweza kukuta zimefanyiwa anodaizi, na vingine ni kromu. Sasa ukipaka polishi juu ya klia unang'arisha klia, ule ukungu wa njano uliokaa chini yake hautoki hata usugue mpaka kesho. Kipimo chake ni rahisi. Osha kwanza, toa grisi yote, kausha, halafu chukua kitambaa cheupe na polishi kidogo sugua sehemu ndogo iliyojificha kama nusu dakika hivi. Kikitoka cheusi tii, umegusa alminiamu tupu. Kikibaki na rangi ya polishi yenyewe, ujue kuna kitu juu. Klia unaitoa kwa dawa ya kutolea rangi, unapaka, unasubiri ivimbe na kujikunja, unaikwangua na kipande cha plastiki ili usichimbe kifaa. Anodaizi ni habari nyingine kabisa, hiyo sio rangi, ni uso wa alminiamu yenyewe uliogeuzwa kuwa oksaidi nene kwa umeme na asidi, ni ngumu kweli na dawa ya rangi haiifanyi chochote. Kromu wewe isafishe tu, usiipige msasa.

Na kuna wale wanaosema endelea kusugua mpaka kitambaa kitoke cheupe. Hakitatoka. Ule weusi ni alminiamu yenyewe inayokwanguliwa na polishi, kila ukisugua utaupata, leo na mwakani. Unaacha pale ukifuta kwa kitambaa kikavu kisafi unaona uso umekaa unavyotaka.

Dhana nyingine: alminiamu haishiki kutu kwa hiyo haiharibiki. Kutu nyekundu ni ya chuma, hapo sawa. Lakini alminiamu ikikutana na hewa inajifunika oksaidi papo hapo, nyembamba ajabu, nanomita chache tu, na ndo inayoilinda. Shida ni chumvi. Chumvi inavunja lile ganda na kuanza kuchimba vishimo, unaona unga mweupe unatokeza kwenye kona na kuzunguka bolti, na unga ukishatoka vishimo vinabaki. Hivyo hakuna polishi inayovijaza. Tena polishi inajaa mle ndani inakauka, vinageuka vidoti vyeusi vinavyoonekana zaidi kuliko mwanzo. Vinatoka kwa msasa tu, ushushe uso mzima mpaka ufike chini ya kishimo, na kama ni kirefu mno bora ukiache kuliko kuchimba bonde.

Tuje kwenye msasa wenyewe sasa. Watu wanaona tabu kupitia namba zote, wanapiga 240 (namba ikiwa ndogo msasa ni mkali zaidi) halafu wanarukia 1000 wakiamini polishi itameza tofauti. Haimezi. Kila msasa una kazi moja, kufuta mistari ya ule uliotangulia, na 1000 haina nguvu ya kufuta mistari ya 240, utasugua mkono ufe ganzi. Kama kifaa kina mikwaruzo mibaya anza 240 au 320, nenda 400, 600, 800, 1000, ukipenda 1500 na 2000, ndo ushike polishi. Kama hakina mikwaruzo usianzie 240 kwa mazoea, utajitengenezea mwenyewe, anza hata 600. Tumia msasa wa maji, uloweke, weka matone ya sabuni ya vyombo ili usizibe. Na hili ndo la muhimu kuliko yote: kila ukibadili namba badili na upande wa kusugua. Kama 400 ulisugua kulia kushoto, 600 sugua juu chini. Kisha kausha, shika taa uimulike kwa ubavu karibu kabisa na uso, utaona mistari mipya yote imelala upande mmoja na katikati yake kuna miwili mitatu ya zamani inakatiza, mirefu, imekaa ndani zaidi. Hiyo ndo itakayokuja kukutazama baada ya polishi. Usisonge mbele mpaka iishe, na suuza kifaa vizuri kabla ya namba inayofuata maana punje moja ya msasa wa nyuma inakurudisha mwanzo.

Stiliwaya ya masufuria? Hapana. Inaacha vipande vidogo vya chuma vimejichomeka kwenye alminiamu, maji yakifika vinashika kutu na kuacha madoa ya kahawia. Ndimu, soda, dawa ya meno, hivi vinafanya kazi kidogo sana na vile vya asidi ukiviacha vikakaa vinafubaza uso. Ila kinachonitia hofu kweli ni kostiki soda, ambayo imo pia kwenye dawa nyingi za kusafishia oveni na kuzibulia mabomba. Watu wanaona povu linachemka wanadhani uchafu unatoka, kumbe ni alminiamu inaliwa na gesi ya haidrojeni inatoka, kifaa kinaishia kijivu au cheusi. Na zile dawa za kung'arishia zenye asidi ya haidrofloriki msicheze nazo nyumbani jamani, asidi hiyo inapenya ngozi na inaweza kuua.

Drili yenye gurudumu la kitambaa inarahisisha kazi, ila haifuti mikwaruzo mirefu, na kukandamiza sana hakuleti mng'ao, kunapasha moto tu na kuacha michirizi. Ukiwa na mashine vaa miwani na barakoa, glovu vua maana gurudumu likinasa glovu linakwenda na mkono. Kifaa kidogo kikishikwa ukingoni kinarushwa kama jiwe, kwa hiyo kipitishe gurudumu likielekea nje ya ukingo, lisiuvae kwa mbele. Vumbi la alminiamu linawaka, usikate chuma pembeni cheche zikaangukia humo.

Eti injini iliyopolishiwa inachemka. Ni kweli uso unaong'aa unatoa joto kidogo kwa mnururisho kuliko uso mweusi, lakini pikipiki ikiwa barabarani joto kubwa linabebwa na upepo, na upepo haujali kama pamepolishiwa. Kava ya klachi ing'arishe bila wasiwasi. Pasipotakiwa kuguswa ni sehemu za kukalia gaskiti, nyuzi za bolti na makao ya beringi. Polishi pia isifike kwenye diski wala pedi za breki. Na tafadhali sana, usiwashe injini ukaweka gia ili gurudumu la nyuma lijizungushe wakati unasugua rimu, vidole vya watu vimekatika kwenye cheni namna hiyo. Zungusha kwa mkono injini ikiwa imezimwa.

La mwisho ni la kuifanya idumu. Wengi wakimaliza wanapiga klia wakiamini wamemaliza maisha. Klia haishiki vizuri kwenye uso laini hivyo, jiwe dogo likiitoboa unyevu unaingia chini, vinaanza kutambaa vimistari vyeupe kama vya minyoo, na hapo huna njia ila kutoa klia yote na kurudia msasa. Mimi napendelea nta. Nayo haidumu, hasa karibu na silinda, maana nta ya kanauba inayeyuka kwenye nyuzi 80 na kitu, kwa hiyo sehemu za moto unarudia mara nyingi na za baridi kama rimu mara chache. Ukipita kwenye chumvi osha siku hiyo hiyo, kausha, pitisha polishi kidogo kwa mkono pale panapoanza kufifia. Kama msasa uliufanya vizuri, hiyo ni kazi ya dakika chache.