Upendeleo wa kamera kwenye tuzo za muziki: maana yake

Shangazi yangu wa Magomeni ni mtu wa taarab tangu usichana wake. Usiku mmoja wa tuzo alimaliza kupika mapema, akatandika mkeka sebuleni, akakaa kusubiri kipengele chake. Wakapita wa bongo fleva mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na watu wake wa kuwashukuru. Kisha matangazo ya biashara. Tuliporudishwa ukumbini, jina la mshindi wa taarab lilikuwa linapita chini ya skrini kwa maandishi madogo, huku mshereheshaji akiongea habari nyingine. Shangazi hakuwa amevaa miwani. "Hivi taarab bado?" Nikamwambia, "Shangazi, imeshapita."

Mimi huuita upendeleo wa kamera. Ni pale chombo cha habari kinapoamua muziki upi uonekane na upi utajwe tu, kwa vigezo visivyohusu ubora wa muziki wenyewe. Hapo hakuna aliyeibiwa kura. Mshindi kashinda kihalali na tuzo yake ina uzito uleule. Ndiyo maana ni vigumu kuulalamikia: ukienda kuuliza, unaonyeshwa orodha ya washindi, na jina lipo.

Kisa kinachojulikana sana ni cha Marekani, 1989. Grammy walianzisha kipengele cha rap kwa mara ya kwanza, halafu wakaamua kisioneshwe kwenye runinga, kwa maelezo kwamba muda hautoshi. DJ Jazzy Jeff & The Fresh Prince, ambao ndio walioshinda (Fresh Prince ni huyuhuyu Will Smith), walisusia sherehe, na wasanii wengine wakiwemo Salt-N-Pepa wakasusia pamoja nao. Mpaka leo tuzo nyingi za Grammy hutolewa mchana, kabla ya matangazo makuu ya usiku. Mwaka 2024 vipengele vilikuwa 94, na vilivyotolewa usiku havikufika robo. Jazz na muziki wa okestra huishia huko mchana. Hata kipengele kipya cha muziki wa Afrika, alichoshinda Tyla wa Afrika Kusini mwaka huo, kilitolewa mchana.

Muda ni hoja ya kweli, siikatai. Hakuna kituo kitakachorusha vipengele 94. Ninachouliza ni nani anayekatwa, na kama ni yuleyule kila mwaka. Wakipokezana, mwaka huu reggae, mwakani dansi, hilo ni tatizo la ratiba. Ikiwa taarab na dansi ndizo zinazopitishwa kwa maandishi mwaka hadi mwaka, usiniambie habari za saa.

Kwetu Dar es Salaam kuna sababu moja ambayo mtazamaji wa nyumbani haioni kabisa, nayo iko jukwaani. Chukua bendi ya dansi kama Msondo Ngoma au Sikinde. Kuna magita, besi, drums, tumba, tarumbeta, saksafoni na waimbaji safu nzima. Kila chombo kinataka laini yake, kila maiki ijaribiwe, na mafundi wapande jukwaani wakati kamera zinasubiri. Msanii wa bongo fleva anakuja na flashi yenye mdundo uliorekodiwa, maiki moja na wachezaji wanne; dakika moja yuko tayari. Mwongozaji wa matangazo mubashara anayehesabu sekunde atamchagua nani? Hana chuki na dansi. Ila akichagua hivyo miaka kumi, mtoto wa Kinondoni anakua akidhani bendi ni kitu cha kwenye picha za babu yake.

Kisha yuko mdhamini. Anayelipia usiku ule anataka vijana wanaonunua bando na soda, na ameshaamua mwenyewe kwamba vijana hawasikilizi kingine. Singeli ilimjibu vizuri. Muziki huu wa uswahilini, wa Manzese na Tandale, wenye mapigo yanayozidi 200 kwa dakika, ulijaza vigodoro, zile sherehe za usiku za mtaani, miaka mingi kabla redio na runinga hazijaugeukia. Vijana walikuwepo tele, lakini walikuwa mtaani wanacheza, na aliye mtaani haingii kwenye hesabu ya watazamaji wa kituo. Kwa hiyo kituo kilisema muziki hauna watu, na kwa vipimo vyake kilikuwa sahihi.

Usiku ule wa Magomeni, binamu yangu alihangaika na simu hadi akapata video iliyorekodiwa na mtu aliyekaa viti vya nyuma ukumbini. Sekunde arobaini hivi. Picha inatikisika, vichwa vya watu vimeziba nusu ya jukwaa, lakini sauti za vigelegele zinasikika wazi. Shangazi alivaa miwani yake, akaishika simu kwa mikono miwili, akaitazama mara tatu.