Kompyuta moja ofisini, watu watano: mambo tunayodanganyana kuhusu akaunti

"Kompyuta ni moja, akaunti moja inatosha." Hii ndo mama wa fujo zote. Kwenye Windows mipangilio mingi haikai kwenye mashine, inakaa kwenye akaunti, kila akaunti ina folda yake ndani ya Users kwenye diski C na humo kuna faili limefichwa linaitwa NTUSER.DAT, hilo ndo linabeba picha ya nyuma ya skrini, lugha ya kibodi, printa unayoitumia na kadhalika. Sasa mkichangia akaunti mnachangia na faili hilo, mhasibu anakuza maandishi sababu ya macho yake, wa mapokezi akikaa anayarudisha, wananuniana bure wakati kufungua akaunti nyingine hata hela hailipwi.

"Mi nina profaili yangu ya Chrome, niko salama." Wapi! Profaili za Chrome zinatenganisha historia na paswedi zako zisichanganyike na za wenzako, ila sio kufuli. Aliyeko ndani ya akaunti ileile ya Windows anabonyeza kipicha cha juu kulia, anachagua jina lako, anasoma imeili zako.

"Wote wapewe uadmini (mamlaka yote juu ya mashine), tusimsumbue jamaa wa IT." Kubadili picha, kibodi au printa hakuhitaji uadmini hata kidogo. Halafu admini anaweza kufungua folda ya mwenzake, Windows inamuuliza tu kama aendelee, akikubali anapewa ruhusa ya kudumu. Mwenye akaunti ya kawaida anagonga mwamba hapo.

Na printa "inayojibadilisha" hakuna anayeichezea, Windows 10 na 11 zina kitufe cha kuiachia Windows ichague printa na yenyewe inachukua uliyotumia mwisho. Kizime, basi.

"Mtu akiacha kazi, futa folda yake." Hapa wengi wanaumia. Ukiifuta kwa mkono, rejista, yaani daftari la ndani la Windows la mipangilio, bado inaikumbuka, siku mtu akiingia tena kwa akaunti ile anaingizwa kwenye profaili ya muda, yaani folda na mipangilio ya kupita tu, anafanya kazi mchana kutwa, akitoka kila alichosevu humo kinapotea. Kwanza kopi kazi za ofisi, ndo uiondoe akaunti kupitia mipangilio ya akaunti, au kama mko kwenye domeini, yaani akaunti za ofisi nzima zinasimamiwa sehemu moja, andika sysdm.cpl kwenye kisanduku cha kutafutia, nenda tabo ya Advanced, kuna sehemu ya profaili, futia hapo.

"Nikifunga kwa vitufe vya Windows na L nimeshatoka." Hujatoka, umefunga mlango tu, programu zako zinaendelea kula RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi ya mashine, na mwenzako akiingia kwake mashine ya GB 4 inaanza kukohoa. Akiizima, Windows inamwonya kuna mtu mwingine bado yupo, lakini nani anasoma maonyo saa kumi na moja jioni? Atakubali tu, na ambacho hukusevu kimekwenda.