Je, Wajua Kwa Nini Manyunyu Yalitosha Kumwaga Vyoo vya London Mtoni?

Mvua ya milimita 2 ni manyunyu tu. Muuza mboga hata hafuniki meza yake. Lakini hadi miaka michache iliyopita, kuna maeneo ya London ambako manyunyu hayo yalitosha kufanya majitaka ya vyooni yamwagike mto Thames, katikati ya jiji. Mwanzoni mwa karne hii hesabu ilikuwa wastani wa tani milioni 39 kwa mwaka. Jiji tajiri, lenye mabomba kila mtaa na mitambo mikubwa ya kusafisha majitaka, liliwezaje kufika hapo?

Jibu limo katika bomba moja lililopewa kazi mbili.

Hadi mwaka 1815 ilikuwa marufuku kuelekeza choo kwenye mitaro ya London. Mitaro ilikuwa ya mvua. Vinyesi vilikaa kwenye shimo la nyumba, na walikuwapo watu waliokuja usiku kuvipakua na kuviuza mashambani kama mbolea. Kisha vikaenea vyoo vya kuvuta maji. Mashimo yaliyotengenezwa kupokea ndoo chache yakaanza kufurika, marufuku ikaondolewa, na kufikia miaka ya 1840 sheria ilikuwa imegeuka kabisa: nyumba zikalazimishwa kuunganisha vyoo na mitaro ile ile ya mvua. Mitaro yote iliishia mtoni, na mto huo huo ndio waliokuwa wakiunywa. Mlipuko wa kipindupindu wa 1848 na 1849 uliua watu wapatao 14,000 jijini humo.

Kiangazi cha 1858 kilikuwa cha joto kali na mto ukanuka kupita kiasi. Bunge liko ukingoni kabisa, kwa hiyo mapazia yake yaliloweshwa dawa ya chokaa ili wabunge waweze kukaa. Sheria ya kujenga mfumo mpya ikapita kwa siku 18. Watu wa mabondeni walikuwa wakifa kwa miaka. Harufu ilipofika kwenye viti vya wakubwa, kazi ikaanza.

Mhandisi Joseph Bazalgette alijenga zaidi ya kilomita 130 za mahandaki makuu ya matofali sambamba na mto, yakate mitaro ile ya zamani kabla haijafika majini na kuyapeleka majitaka mashariki, mbali na jiji. Lakini hakutenganisha maji ya mvua na ya vyooni. Yote yalipita humo humo. Alijua kuwa siku ya mvua kubwa bomba lingejaa, na maji yasipopata pa kutokea yangerudi nyuma na kuchomoza vyooni na sakafuni, hasa nyumba za mabondeni. Kwa hiyo palipokutana mtaro na handaki aliweka ukuta mfupi. Siku za kawaida majitaka hayafikii kimo chake, huingia handakini bila shida. Maji yakipanda yakauvuka ukuta, ziada humwagikia mtoni.

Mimi simlaumu. Kati ya kinyesi kuingia mtoni mara chache kwa mwaka na kinyesi kuingia chumba cha kulala, alichagua vizuri. Tena alipanua mahandaki yake kwa ajili ya watu milioni 4, wakati jiji halijafika hapo. Leo London ina karibu milioni 9, na bustani nyingi zilizokuwa zikinywa mvua zimefunikwa lami na saruji. Yale mara chache yakawa karibu kila wiki.

Hata huko mashariki shida haikuwa imeisha, kwa sababu majitaka yalimwagwa bila kusafishwa. Septemba 1878 meli ya abiria Princess Alice iligongwa na kuzama karibu na hapo, muda mfupi baada ya majitaka kufunguliwa. Watu zaidi ya 600 walikufa katika maji hayo. Ndipo jiji likaanza kuchuja uchafu kabla ya kuachia maji.

Sasa, dawa ya ule ukuta mfupi ni nini? London ilichagua kuchimba. Kuanzia 2016 hadi 2025 lilijengwa handaki la kilomita 25 chini ya Thames, upana wake mita 7.2, linaloanzia Acton magharibi likiwa na kina cha kama mita 30 na kuteremka taratibu hadi zaidi ya mita 60 kule Abbey Mills, mashariki. Majitaka mengi yanayouvuka ukuta sasa hudondokea humo badala ya mtoni. Wengi hudhani handaki hilo linasafisha maji. Halisafishi hata tone, linayashika tu. Mvua ikipita, pampu huyavuta pole pole kwenda mtambo wa kusafisha majitaka wa Beckton kwa kasi ambayo mtambo unaimudu. Ni tangi la akiba, ila lenye ukubwa wa kutisha: pamoja na handaki dada la Lee, hubeba mita za ujazo milioni 1.6. Paris ilifanya jambo kama hilo kwa udogo, bwawa la chini ya ardhi la mita za ujazo 50,000 pale Austerlitz, ili watu waweze kuogelea mto Seine.

Kulaza mabomba mawili kungekuwa safi zaidi, lakini kungedai kufukua kila mtaa na kila ua wa jiji lililokwisha kujengwa.

Hapo ndipo Dar es Salaam inapoingia. Kwetu ni sehemu ndogo tu ya nyumba iliyounganishwa na mtandao wa majitaka. Wengi tuna choo cha shimo au septiki. Bondeni mwa Msimbazi maji ya ardhini yako juu, shimo hujaa upesi, gari la kunyonya halipiti uchochoroni na bei yake ni nzito. Masika yakifika, watu hutapisha: hung'oa tofali la shimo, kinyesi kikaenda na mafuriko, na watoto wa jirani wakakanyaga. London ilimwaga kwa kuwa bomba lilijaa. Sisi tunamwaga kwa kuwa bomba halijafika.

Lakini kila linapofika, tuna nafasi waliyoikosa wao, ya kutochanganya tangu mwanzo: majitaka kwenye bomba, mvua kwenye mtaro. Na tunaichezea. Fundi huelekeza mifereji ya paa kwenye chemba ya majitaka kwa sababu iko karibu, halafu mvua ikinyesha chemba za barabarani zinabubujika mavi na mtaa mzima unaziba pua.

Unaweza kujua kama nyumba yenu inachangia. Mvua ikiwa imekolea na hakuna aliye chooni, bafuni wala jikoni, simama kando ya chemba ya uani usikilize. Ukisikia maji yanakimbia humo, hayo huenda ni ya paa.